Fulana Yenye Adabu

Kila asubuhi fulana ilimwamkia Nakijwa kabla hajafunga kifungo cha mwisho.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje leo?"

Nakijwa hakuitikia. Mwanamke aliyezika mume, akasomesha watoto kwa jembe la tangawizi, akaongoza kwaya ya akina mama hadi sauti ikamkauka, hakuona sababu ya kuitikia marahaba kwa nguo. Alivuta kola ikae sawa, akajikuna kiwiko. Tangu kongosho lake liote uvimbe, nyongo ilikuwa imemwingia kwenye ngozi, macho yamekuwa manjano, na mwili ulimwasha kama mtu aliyelalia upupu.

"Itikia tu, Mama," alisema binti yake, Niwaeli. Alikuwa ameshika mfuko wa vidonge, chupa ya uji, khanga ya akiba na mkongojo ambao mama yake hakuuomba. "Si inakuheshimu?"

"Mbwa wa jirani naye hunitikisia mkia nikipita. Nimwambie marahaba?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Walitoka. Nakijwa alipoinama kuchukua kikapu chake kidogo chenye Biblia na kitambaa, Niwaeli alikuwa ameshakinyakua. "Lete, nikupokee." Getini walikutana na kijana wa jirani, naye akampokea Niwaeli chupa ya uji. Ndivyo walivyokuwa watu wa Same. Ukimwona mkubwa ana mzigo mkononi ukampita, utasemwa mpaka kwenye msiba wako. Nakijwa mwenyewe aliwalea hivyo wanawe, kwa fimbo ilipobidi.

Kituo cha Nguvu kilikuwa chini ya milima, katika jengo lililowahi kuwa ghala la mkonge. Ukuta mmoja ulikuwa wa kioo, na juu yake majina ya wagonjwa yaliwaka, la mwenye nguvu juu, la dhaifu chini, yakipanda na kushuka kadiri kila mtu alivyonyanyua mizigo. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja, saratani ya kongosho. Ukiwatazama kwa nyuma walivyopangana kwenye viti, mabega yao yalionekana kama nguo zilizoanikwa bila watu ndani.

"Mashujaa wangu!" alipiga kelele Kocha Danford. "Leo tunafanya nini?"

"Tunakaza," waliitikia kwa uchovu.

"Siwasikii!"

Nakijwa alimsikia vizuri sana, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kocha alikuwa na kifua kipana kama kabati, na kwa maoni ya Nakijwa kabati lenyewe halijawahi kuwekwa kitu. Alimwita kila mtu shujaa. Aliyetapika aliitwa shujaa. Aliyelala usingizi kwenye kiti aliitwa shujaa. Mzee Kajiru alipokufa, Kocha alisimama kaburini akasema shujaa amepumzika, halafu akauliza kama kuna maji ya baridi.

Siku hiyo palikuwa na mgonjwa mpya, kwa hiyo Dk. Kiangi alikuja kurudia maelezo. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyezungumza akitazama kibao chake cha mkononi, kana kwamba wagonjwa walikuwa humo ndani.

"Ugonjwa huu hauli kongosho tu," alisema. "Unakula mapaja, mabega, hata nyama ya katikati ya vidole. Ndiyo maana mnameza vidonge pamoja na tonge la kwanza, maana kongosho halitoi tena maji ya kusaga mafuta, na bila vidonge chakula kinapita tu kama mgeni. Lakini kula peke yake hakutoshi. Msuli usiofanya kazi mwili unauachia uliwe. Msuli unaobeba mzigo, mwili unauhangaikia."

"Na Kisu je?" aliuliza yule mgonjwa mpya.

Kisu ndilo jina watu waliloipa mashine ya upasuaji. Ilikuwa inazunguka nchi nzima ndani ya lori refu jeupe, na huku kwao ilifika msimu wa masika na msimu wa vuli. Ikifika kituoni ilichukua mtu mmoja. Hakukuwa na barua ya mbunge wala simu ya mjomba iliyoweza kuisogeza. Ilisoma ukuta, ikamchukua wa juu.

"Kisu kinatoa uvimbe wote kwa asubuhi moja," alisema daktari. "Lakini baada ya hapo ni lazima mtu akae kitandani mwenyewe, akohoe kwa nguvu, asimame. Asiyeweza kukohoa, mapafu yanajaa. Kisu hakimtibu mtu asiye na nyama. Kwa hiyo kinachagua nyama."

"Kama mchinjaji," Nakijwa alinong'ona.

"Umesemaje, bibi?"

"Nimesema Bwana asifiwe."

Jina lake ndilo lililokuwa juu. Lilikuwa limekaa pale wiki kadhaa, na kanisani walishatoa sadaka ya shukrani. Mwenyewe alishangaa kidogo mwanzoni. Alishika ndoo ya mchanga, akamwomba Mungu, ndoo ikapanda. Alikaa kwenye kigoda kifupi, akamwomba Mungu, akasimama bila kushika kitu. Hakuwa mtu wa kumhoji Mungu kuhusu zawadi.

Chini yake kidogo lilikuwa jina la Zefania Mrindoko.

Huyo alifika saa hiyo, amechelewa kama kawaida, begi lake limening'inia begani. Alikuwa dalali wa minada ya pikipiki kuukuu, mtu wa miaka arobaini hivi, anayejimwagia manukato mpaka nzi wanamkwepa. Alipita mbele ya wazee wote bila kumwamkia hata mmoja. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na bibi mmoja alikuwa anakielekea taratibu. Mrindoko akakikalia.

"Vipi, bi mkubwa," alimwambia Nakijwa. "Bado unatuongoza?"

"Nakusubiri, baba. Ila wewe kila kitu unachelewa."

Alicheka akionyesha meno yote. Nakijwa aligeuza uso. Aliomba kimoyomoyo, kama alivyoomba kila siku: Baba, nisaidie nimvumilie huyu, na kama haiwezekani, basi afungwe hata mdomo tu.

*

Fulana walizovaa wagonjwa wote zilikuwa za joto. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba kuliko nywele, zilizolala juu ya kila msuli na kuusikiliza, na zilipeleka ukutani kila ulichonyanyua. Kazi ya pili ya fulana ilikuwa kumzuia mtu asianguke. Ukiyumba, nyuzi zilikaza, zikakusimamisha. Vijana walioitengeneza huko mjini walijisifu sana kwamba hawakuleta kitu cha kigeni. Walikuwa wameionyesha picha za watu wetu, maelfu na maelfu, sokoni, shambani, stendi, nyumbani, ili ijifunze yenyewe namna ya kuishi na mtu wa hapa kwa adabu. Kila moja iliwekewa jina na umri wa mwenyewe, ndiyo maana ilijua kumwamkia mkubwa.

Wakati wa chai kila mmoja aliivua na kuitundika kwenye msumari, kwa sababu ya kuwashwa. Siku hiyo chai ilipokwisha, Mrindoko alivuta ya kwanza aliyoifikia. Hakuwa mtu wa kutazama jina. Nakijwa alichukua iliyobaki, akaivaa akifikiria mambo yake.

"Oya, mwanangu!" ilisema fulana. "Niaje? Leo tunakaza mpaka jasho!"

Nakijwa alishtuka kama aliyeshikwa kiuno sokoni. "Pepo gani hili?"

Kocha alishaanza kuhesabu. Nakijwa aliinama kwenye ndoo yake ya mchanga, ileile ya kila siku, akaomba, akavuta.

Ndoo haikutikisika.

Akavuta tena. Kitu fulani mgongoni kilimchoma mpaka kwenye mbavu. Vidole vyake vilishika mpini, aliviona vimeshika, lakini mkono ulikuwa kamba tu iliyofungwa begani. Alitaka kukaa, na magoti yakamwangusha kwenye kigoda kama gunia. Alipojaribu kuinuka, hakuinuka.

Upande wa pili wa ukumbi palizuka kelele.

"Hee! Hee! Mnaniona?" Mrindoko alikuwa ameshika ndoo kubwa kuliko zote, ile ambayo Kocha huiweka kwa ajili ya kujionyesha mwenyewe, na alikuwa akiipandisha na kuishusha kwa mkono mmoja. "Nguo imechanganyikiwa, inaniita bibi! Niite bibi, niite shangazi, lakini tazama mkono huu!"

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mrindoko alijisifu. Alipandisha ndoo, akapiga mluzi, akainamisha kichwa kwa akina mama kama bwana harusi. Halafu akatazama ukutani ili aone jina lake linavyopaa, na jina lake lilikuwa linashuka.

"Huu ukuta mwizi!" alifoka. "Kocha! Nimenyanyua ghala zima na mnanishusha?"

Jina lililopaa lilikuwa la Nakijwa. Lilipanda mpaka likagusa ukingo wa kioo, likawaka kwa rangi ya dhahabu ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

"Bibi Nakijwa!" Kocha alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. "Amekaa hapo kwenye kigoda ametulia tuli, kumbe ndani anafanya kazi! Hiyo ndiyo nguvu ya ndani, mashujaa! Makofi!"

Wakapiga makofi. Nakijwa alibaki kwenye kigoda, asiweze kuinuka. Alimtazama yule mjinga wa Kocha, akamtazama mjinga mwingine anayegombana na ukuta, na polepole, kama mtu anayesikia harufu kabla hajajua inatoka wapi, akaelewa.

Fulana yake ilikuwa inampokea mzigo.

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imewatazama watu maelfu kwa maelfu, ikaona kwamba mkubwa akishika kitu, mdogo hukishika pia, bila kuulizwa. Basi na yenyewe ikamshikia. Kijana ilimwacha ajibebee. Mzee ilimpokea, kisha ikapeleka ukutani habari kwamba kabeba mwenyewe, kwa sababu mtoto mwenye adabu hatangazi kwamba kamsaidia mama yake.

"Nikupe mkono, Bibi?" aliuliza mgonjwa mpya, akimwinua.

"Nipe," alisema Nakijwa. Kabla ya kuondoka alichukua fulana yake, akamwachia Mrindoko ile ya kwake.

*

Nyumbani alimfukuzia Niwaeli jikoni, akaingia chumbani na kigoda, akarudishia mlango. Alivaa fulana yake mwenyewe, akakaa, akasimama kama msichana. Akaivua, akakaa, na pale pale akakwama, nusu yuko juu nusu yuko chini, ameshika ukingo wa kitanda, mapaja yanatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

Aliyatazama hayo mapaja. Yalikuwa yamekwisha. Khanga yake ilikuwa inazunguka mara mbili pale ilipozunguka mara moja, na yeye alikuwa akidhani khanga za siku hizi ni pana.

Angejuaje? Nyumbani hakuna aliyemwacha anyanyue hata kikombe. Alipotaka kusimama, mikono ilikuwa tayari chini ya makwapa yake. Maji ya kuoga yaliletwa, kopo likashikwa, mgongo ukamwagiwa. Watu wote wema wa mtaa ule walikuwa wamemla nyama pamoja na saratani, kila mmoja akisema nikupokee.

Akamkumbuka mzee Kajiru. Naye alikuwa juu ya ukuta, msimu uliopita. Kisu kikamchukua, kikatoa uvimbe vizuri kabisa, na mzee akashindwa kukohoa. Kanisa zima lilisema ni mapenzi ya Mungu. Kumbe Mungu alisingiziwa. Yalikuwa mapenzi ya fulana.

"Niwaeli!"

Binti aliingia na kitambaa cha vyombo begani. Nakijwa alimweleza yote, bila kupamba. Niwaeli alikaa kitandani, akauliza swali moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi na ibaki hivyo."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Kisu kinakuja keshokutwa. Ukinyamaza, kinakuchukua. Ukisema, wanakuvua fulana, unakuwa wa mwisho, na mpaka vuli..." Hakumaliza. Wote wawili walijua vuli ilikuwa mbali kuliko daktari alivyowahi kukubali kusema.

"Na mzee Kajiru?"

"Mzee Kajiru alikuwa na sukari, na moyo, na alikuwa anavuta tumbaku kwa siri nyuma ya zizi. Wewe si yeye. Huenda ukakohoa, Mama. Mimi nitakupiga mgongo ukohoe."

"Na huyo ninayemnyang'anya nafasi?"

Hapo Niwaeli alicheka kwa uchungu. "Nani? Mrindoko? Yule asiyejua kusalimia? Aliyemuuzia mjomba pikipiki isiyo na injini? Mama, ukimwachia yule nafasi, hata malaika watakushangaa. Duniani atafanya nini akipona? Ataendelea kudanganya watu kwa afya njema."

Hakuna neno hapo ambalo Nakijwa mwenyewe hakuwa amelifikiria, tena kwa ukali zaidi. Alimdharau Mrindoko tangu kisogo hadi kisigino. Alidharau manukato yake, kicheko chake, na jinsi alivyomeza vidonge mdomo wazi. Alipopiga magoti jioni, alijaribu kumweleza Mungu hoja ya Niwaeli, na ilikuwa hoja nzuri, lakini kila alipofika kwenye jina la Mrindoko aliona jambo moja ambalo hakutaka kuliona.

Begi. Mrindoko alikuja kituoni na begi lake mwenyewe begani kila siku, na kila siku aliondoka nalo. Mke alishaondoka, ndugu aliwachosha, wateja aliwatapeli. Hakuna aliyekuja naye wala aliyempokea kitu. Mtu yule aliteka maji yake, akapika uji wake, akatapika, akasafisha. Nguvu aliyokuwa nayo, ile ndogo, ilikuwa ni yake.

"Hata hivyo ni mshenzi," alimwambia Mungu, akainuka kutoka kwenye magoti. Yaani alitaka kuinuka. Alimwita Niwaeli aje kumwinua, kisha kabla binti hajafika akamwambia kwa sauti, "Usije!" Ilimchukua muda mrefu, ameng'ang'ania kitanda, jasho linamtoka, lakini alisimama.

*

Siku ya Kisu ukumbi ulijaa. Mchungaji alikuwepo, na akina mama wa kwaya wenye vitenge vya sare, waliokuja kumwimbia Nakijwa kabla hajapandishwa. Nje lori jeupe lilikuwa limesimama likinguruma kwa sauti ya chini. Jina la dhahabu liliwaka juu kabisa.

"Na sasa," alisema Kocha Danford, "shujaa wa mashujaa..."

"Funga mdomo kidogo, mwanangu," alisema Nakijwa. "Nina neno."

Akawaambia. Alisema kama anavyotoa taarifa ya umoja wa wanawake, amesimama wima, fulana ikimshika. Fulana inawabeba wazee. Vijana haiwabebi. Dhahabu ile ya juzi ni ndoo aliyonyanyua Mrindoko akiwa amevaa fulana ya Nakijwa. Mzee Kajiru aliingia kwenye lori akiwa hana kitu.

Dk. Kiangi, kwa mara ya kwanza, alinyanyua macho kutoka kwenye kibao.

"Haiwezekani," alisema Kocha. "Bibi yangu, usijidharau. Ni unyenyekevu tu huo, mashujaa, mnaona? Watengenezaji wenyewe waliniambia haina kosa hata moja."

"Haina kosa. Ina adabu. Ninyi ndio mliodhani ni kitu kimoja." Nakijwa alikuwa anafungua vifungo. "Mpaka juzi nami nilidhani hivyo."

"Pole, bibi," ilisema fulana alipoivua. "Nikusaidie?"

Aliitupa juu ya kiti. Akabaki na blauzi yake ya kitenge, iliyoning'inia juu yake kama pazia juu ya dirisha lisilo na nyumba. Kuna mtu wa kwaya aliyeguna. Nakijwa alitembea hadi kwenye ndoo ya mchanga, akainama, akashika mpini.

Na ukumbi mzima ukainuka.

Hawakukusudia. Mchungaji alinyoosha mkono. Akina mama wa kwaya walimkimbilia, wanne kwa pamoja. Niwaeli alikuwa tayari ameshika mpini upande wa pili. Kocha alikuja na kifua chake. Hata Dk. Kiangi, ambaye hakuwahi kumgusa mgonjwa bila glavu, alikuwa ameweka kibao chini na ameinama. "Lete, Mama." "Nikupokee, Bibi." "Lete hapa, lete." Mikono ilijaa juu ya ndoo mpaka ndoo haikuonekana.

"Niacheni!" alisema Nakijwa. Hawakusikia. Walikuwa wanamheshimu mno.

"Oya!" sauti ilitoka nyuma, nene, isiyo na haya. "Mmwache. Si yake?"

Mrindoko hakuwa ameinuka. Alikuwa amekaa palepale, miguu ameitandaza, anatafuna karanga na vidonge vyake, mdomo wazi. Katika ukumbi ule mzima, yeye peke yake hakunyoosha mkono.

"Mwacheni bi mkubwa abebe," alisema. "Mnamng'ang'ania nini? Ikimshinda, imemshinda."

Mkono mmoja ukatoka. Mwingine ukafuata. Mwisho ukatoka wa Niwaeli, kidole baada ya kidole, kama mtu anayeachia mtoto ng'ambo ya mto. Nakijwa akabaki na ndoo. Alimtazama Mrindoko juu ya vichwa vya watu wema wote, na alichukia kwamba ni yeye. Kisha akavuta.

Haikupanda. Akapumua, akaweka miguu vizuri, akavuta tena, na mgongo ukamchoma, na meno yakasagana. Chini ya ndoo pakaonekana mwanga kidogo, upana wa kiganja cha mtoto. Alihesabu moja kimoyomoyo. Akaishusha bila kuiangusha.

"Pimeni hiyo," alisema.

Dk. Kiangi akaandika kipimo kwenye kibao chake kwa mkono, bila fulana. Wazee wote wakavua, mmoja baada ya mwingine, na ukuta ukajipanga upya. Jina lake lilishuka, likashuka, likatulia karibu na sakafu, ambako majina yalikuwa hafifu. Juu palikuwa na jina moja, la Mrindoko, halikuwa la dhahabu, jeupe tu la kawaida.

Kwaya haikujua iimbe nini, ikakaa.

*

Walimtoa Mrindoko alasiri. Wauguzi wawili walimfuata mbio mlangoni, wakitaka begi lake. Nakijwa alikuwa amesimama pale kivulini, hakuna aliyemtarajia. Akampiga mmoja kofi dogo mkononi.

"Wewe! Mwache abebe. Kesho atakohoa kwa kitu gani, kwa mikono yako?"

Mrindoko alisimama. Kwa karibu alionekana mdogo kuliko manukato yake. Macho yake yalikuwa manjano kama ya Nakijwa, na alikuwa ameushika mkanda wa begi kwa mikono yote miwili.

Alikohoa kidogo, akatazama viatu vyake. "Shikamoo, mama," alisema.

"Hebu nenda zako," alisema Nakijwa. "Nguo zimeniamkia vya kutosha."

Kicheko kilimtoka Mrindoko bila kujiandaa, kile kile kibaya cha meno yote. "Nikirudi nikukute na hiyo ndoo imejaa, bi mkubwa. La sivyo nitaiuza mnadani."

"Ukirudi ukiwa bado na ulimi huo, nitajua Kisu hakikutoa uvimbe wote."

Akapanda lori, begi begani. Mlango ukajifunga. Nakijwa hakupunga mkono. Aliomba, kwa ufupi, na kwa mara ya kwanza bila kumwekea Mungu masharti ya mdomo.

Ndani, Kocha Danford alikuwa kwenye simu na watengenezaji. Sauti yake ilifika mpaka nje. Walikuwa wanamwambia kwamba hawajui waiondoe vipi hiyo adabu, kwa kuwa hawakuiweka wao, ilijifunza yenyewe. "Basi ifundisheni utovu wa adabu!" alifoka, na Nakijwa akaona kwamba kabati lilikuwa limeanza kuwekwa kitu.

Alirudi nyumbani kwa miguu yake, taratibu, akipumzika kila alipochoka. Uani kulikuwa na ndoo yao ya zamani ya plastiki yenye mpini wa waya. Aliiweka chini ya bomba, akaacha maji yapande, akafunga kabla hayajafika nusu. Akaongeza kidogo. Akatazama umbali wa kutoka bombani hadi jikoni, umbali ambao maisha yake yote hakuwahi kuuona kuwa ni umbali.

Niwaeli alitokea mlangoni. Alimwona mama yake anainama, akapiga hatua, akasimama. Nakijwa alishika waya, akavuta, na ndoo ikaachana na ardhi. Maji yakacheza, yakamlowesha miguu. Hatua ya kwanza. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Binti hakusogea. Alikuwa ameficha mikono yake nyuma ya mgongo, mmoja umeukamata mwingine kwenye kifundo, umeubana mpaka umekuwa mweupe, na machozi yanamshuka bila kufutwa, kwa sababu hakuthubutu kuuachia.